Nukta zinazopotea katikati ya aya

Jumapili moja mwanzoni mwa Septemba tulikuwa kwenye hitima ya jirani yetu, hapa Dodoma. Wanawake kama ishirini tumekaa mkekani, juzuu za Kurani zimegawanywa, kila mmoja anasoma yake kwa sauti ya chini. Mimi nilipewa juzuu ya 18, inayoanza na Suratul-Muuminun. Sura hiyo niliisoma chuoni Tanga nikiwa mtoto, na mpaka leo vipande vyake vingi navijua kwa kichwa. Nikafika aya ya 84, qul limanil-ardhu waman fiha in kuntum, na hapo nikasoma "yaalamuna".

"Samahani mama," akaninong'oneza binti aliyekaa kushoto kwangu, kwa upole kabisa. "Ni taalamuna."

Nikatazama tena. Aliyesoma maandishi ya Kiarabu anajua kwamba ya na ta mwanzoni mwa neno ni umbo moja. Zinatofautishwa na nukta mbili tu, chini au juu. Na nukta zile zikihama, "mnajua" inakuwa "wanajua", maneno ya Mola yanabadilika mdomoni mwako. Mimi sikuona nukta juu wala chini. Mstari mzima ulikuwa umevimba, kama karatasi iliyomwagikiwa maji.

Nikapepesa macho.

Nukta zikarudi, mbili, juu ya herufi, nyeusi tititi, kama vile hazijawahi kuondoka. Nikasoma neno sawasawa, nikaendelea, na kabla sijamaliza aya iliyofuata ukungu ulikuwa umesharudi.

Wengine wakamaliza juzuu zao. Yangu akaja kunimalizia yule binti.

## Namba tatu za miwani

Na miwani nilikuwa nayo usoni. Mpya, haijatimiza hata miezi miwili.

Niliinunua kwa sababu tarakimu zilianza kunisumbua kazini. Mimi ni mhasibu, siku nzima niko mbele ya kompyuta. Asubuhi 8 ni 8. Ikifika saa tisa alasiri 6 imefunga mdomo wake na 3 imefunga yake, zote zimekuwa 8. Nikaenda duka la miwani, nikapimwa, nikalipa. Wiki mbili baadaye, nikiwa Dar es Salaam kikazi na bado sioni vizuri, nikapimwa kwenye duka jingine. Namba ikatoka tofauti. Kesho yake asubuhi nikarudi pale pale. Ikatoka namba ya tatu.

Nilikasirika sana. Niliona watu wale wanabahatisha na macho ya wenzao. Leo nadhani kila mmoja alipima kwa haki kile kilichokuwa mbele yake dakika ile. Kilichokuwa hakitulii ni jicho langu.

Jambo jingine ndilo lililonipoteza njia kabisa: macho yangu yalikuwa yanatoa machozi. Mwezi wa nane na wa tisa upepo wa Dodoma hauna huruma, vumbi linaruka tangu asubuhi, na nikishuka kwenye bodaboda jioni mashavu yote yameloa. Ukimwambia mtu mwenye mashavu yaliyoloa kwamba macho yake ni makavu, atakuona hujamsikiliza. Mimi niliamini nina mzio. Nikawa nameza Piriton usiku, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba dawa za namna hiyo zenyewe hukausha macho na kinywa.

Kisha nikaenda duka la dawa kuulizia dawa ya macho mekundu. Nikapewa kichupa cha deksamethasoni na neomaisini. Siku mbili tu macho yakawa meupe. Nikiacha, wekundu unarudi. Ukirudi, nanunua tena. Wiki tatu nilienda hivyo. Muuzaji hakuniuliza kitu, na mimi sikuuliza.

Hapo ndipo pananiuma kila nikikumbuka. Deksamethasoni ni steroidi. Ukiitumia machoni kwa muda mrefu bila mtu kukufuatilia inaweza kupandisha presha ya jicho hadi ikaharibu neva ya kuonea, na inaweza kuleta mtoto wa jicho. Presha ya jicho haiumi. Unaendelea kudondoshea dawa huku ukijiona unapona.

## Chupa ya mafuta ya nazi

Nilikwenda kwa daktari wa macho katikati ya Oktoba, zaidi ya mwezi baada ya hitima. Nilichelewa kwa woga. Baba yangu mkubwa alipofuka, na katika ukoo wetu neno "macho" hatulitamki kwa wepesi.

Daktari alikuwa kijana, ananiita mama. Aliniuliza mambo ambayo sikuyategemea. Kinywa kinakauka? Viungo vya vidole vinauma asubuhi? Alikuwa anatafuta ugonjwa unaoitwa Sjögren, kwa jina la daktari wa Uswidi aliyeueleza mwaka 1933, ambao kinga ya mwili hushambulia tezi za mate na za machozi. Akauliza hedhi yangu inaendaje. Nina miaka 47, haiendi vizuri. Akasema mabadiliko ya homoni ya umri huu hugusa machozi pia, ndiyo maana wanawake tunalalamikia macho kuliko wanaume. Akaigeuza kope yangu ya juu ndani nje kutafuta makovu ya trakoma, yaani vikope, maana Kongwa si mbali na hapa, wilaya ambayo watafiti wa trakoma wameifuatilia tangu miaka ya 1980, na makovu yale huharibu kope na tezi zake. Hakuona kovu. Akapima presha. Ilikuwa salama, Alhamdulillahi, na hapo nikapumua.

Kisha akachukua ukanda mdogo wa karatasi wenye rangi ya machungwa, akaugusisha ndani ya kope, akazima taa ya chumba na kuwasha mwanga wa buluu.

"Pepesa mara moja, mama. Sasa usipepese tena mpaka nikwambie."

Akaanza kuhesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Alipofika nne akaacha.

"Yameshachanika," akasema.

Kilichochanika ni utando wa machozi. Rangi ile huung'arisha, na unapopasuka, daktari anaona mabaka meusi yanafunguka juu ya jicho kama rangi ya ukuta inayobanduka. Jicho lenye afya hustahimili sekunde 10 na zaidi. Yangu yalistahimili nne. Aya ya 84 haisomwi kwa sekunde nne.

Akanipachika tena karatasi nyeupe nyembamba kwenye kope ya chini, dakika tano macho nimefumba. Kipimo hicho kina miaka zaidi ya 100, cha Schirmer, Mjerumani. Karatasi ililowa milimita 16. Maji ninayo. Sasa kinakosekana nini?

Akabonyeza ukingo wa kope yangu ya chini kwa kidole, huku akitazama kwenye darubini yake, halafu akaniwekea picha kwenye skrini. Kwenye ukingo wa kope, nyuma ya nywele za kope, kuna vitundu vimejipanga mstari mmoja, ishirini na kitu chini na zaidi ya hapo juu. Ni midomo ya tezi za mafuta. Mafuta yake yanapaswa kutoka maangavu kama mafuta ya kula. Yangu yalitoka meupe na mazito, yamejikunja kama dawa ya meno inayobanwa kwenye tyubu.

Hapo nikaelewa bila kuelezwa zaidi, kwa sababu ya chupa iliyoko bafuni kwangu.

Kila nikitoka Tanga mama hunifungia mafuta ya nazi ya nywele. Kule Tanga chupa hiyo ni maji mwaka mzima. Nikiifikisha Dodoma, mwezi wa sita au wa saba, naamka asubuhi nakuta imeganda yote, nyeupe, hata kidole hakizami. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Miaka yote nimekuwa nikiitia chupa ile kwenye bakuli la maji ya moto, na baada ya dakika chache yanarudi kuwa mafuta. Kumbe kwenye kope zangu kulikuwa na shida ya namna hiyo hiyo, na mimi nilikuwa nanunua vioo.

## Kioo cha kwanza

Nilimwomba anieleze mambo ya nukta, na maelezo yake nimeyabeba hadi leo.

Machozi si maji matupu. Chini kabisa kuna ute unaoyashikisha kwenye jicho, kisha maji, kisha juu yake utando mwembamba mno wa mafuta unaozuia maji yasikauke. Mafuta yakipungua au yakiwa mazito, maji yanakauka kati ya pepeso moja na jingine. Na mwanga unaoingia jichoni hupindishwa zaidi pale mbele kabisa, hewa inapokutana na machozi. Karibu theluthi mbili za nguvu ya jicho ya kukusanya mwanga ziko pale. Kabla ya lenzi yoyote, ya jicho au ya dukani, kioo cha kwanza ni machozi.

Kikichanika kile, herufi zinavimba. Ukipepesa, unakitandaza upya, nukta zinarudi. Ndiyo maana namba zangu za miwani zilikuwa tatu.

Na yale yaliyokuwa yakitiririka? Jicho likikauka linauma, neva zinapiga kelele, na tezi kubwa iliyo juu ya kona ya nje ya jicho inamwaga maji kwa wingi. Ni machozi ya dharura. Hayana mafuta ya kutosha kuyashika, kwa hiyo yanapita juu ya jicho hadi shavuni na kuliacha kavu vile vile.

Ukiona kwako herufi zinaondoka na kurudi ukipepesa, hiyo ni alama nzuri ya kumtajia daktari. Uoni uliopungua ghafla na haurudi, maumivu makali, mwanga kukuchoma, au jicho moja tu kuwa jekundu, hayo ni mengine; usikae nayo nyumbani hata siku moja.

## Kitambaa na chupa ya chai

Dawa aliyoniandikia ilinikatisha tamaa. Nilitaka kitu chenye jina. Yeye akaniambia kitambaa cha moto.

Dakika 10 asubuhi, dakika 10 usiku. Maji yawe ya moto kiasi cha kuvumilika kwenye mshipa wa mkono, kama tunavyopima maji ya kumwogeshea mtoto. Wiki ya kwanza nilikosea: nilichovya kitambaa mara moja, nikakiweka machoni, nikalala nacho. Kitambaa hupoa ndani ya dakika mbili, na kilichopoa hakiyeyushi kitu. Sasa natumia viwili kwa zamu, na maji nayahifadhi kwenye chupa ya chai iliyo pembeni yangu. Baada ya hapo nafumba macho na kusugua kope polepole kwa kidole, ya juu kuelekea chini, ya chini kuelekea juu, na kufuta ukingo kwa pamba safi iliyolowa maji yaliyochemshwa.

Pamoja na hicho akaniandikia matone ya machozi ya bandia, kaboksimethaiselulozi, bila dawa ya kihifadhi, kwa sababu natumia zaidi ya mara nne kwa siku na kihifadhi kinachotiwa kwenye chupa nyingi kinaweza chenyewe kulichubua jicho. Bei yake iliniuma. Vichupa vya kawaida ni nafuu, na kwa anayedondoshea mara mbili tatu kwa siku vinafaa. Ila ukishafungua, kwa kawaida ni siku 28, kisha unatupa hata kama kimebaki nusu.

Nilikuwa nalipa siku zangu za Ramadhani wakati huo, na tone la kwanza la mchana likanipa mashaka. Nilisikia ladha ya chumvi kooni. Nikaacha dawa siku tatu, macho yakanichoma kama nimeyasugua pilipili. Nikamuuliza shekhe wa msikitini kwetu. Akaniambia kwa madhehebu yetu ya Shafi jicho si njia iliyo wazi kwenda tumboni, na ladha hiyo haiharibu funga. Baadaye nikasoma kwamba Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Jeddah mwaka 1997 lilitaja matone ya macho miongoni mwa visivyofunguza, mtu akijizuia kumeza kitakachofika kooni. Na daktari akanifundisha jambo lililonitosha: ukishadondosha, fumba, bonyeza kwa kidole kona ya jicho iliyo karibu na pua, dakika moja au mbili. Pale ndipo ulipo mfereji unaopeleka machozi puani. Ukiubana, dawa inabaki jichoni, haifiki kooni. Siku zangu zote nilizimaliza.

Mengine ni madogo lakini yamenisaidia kuliko nilivyodhani. Kompyuta nimeishusha ili nitazame chini, kope ifunike sehemu kubwa ya jicho. Feni ya ofisini nimeigeuza. Kwenye bodaboda navaa miwani mikubwa. Piriton nimeacha. Mwanangu alinihesabia pepeso nikiwa kwenye kompyuta bila kunijulisha: nne kwa dakika, na mtu aliyetulia tu hufikia 15 hivi. Tena nyingi zilikuwa nusu, kope ya juu haigusi ya chini. Sasa kila nikimaliza safu nafumba macho kabisa, nahesabu mbili, nafumbua. Nikisoma msahafu nafanya hivyo kwenye kila alama ya kusimama, mahali ambapo pumzi nayo inasimama.

Vidonge vya mafuta ya samaki nilivyouziwa na mwenzangu wa kazini sikuendelea navyo. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya watu 535 waliofuatiliwa mwaka mzima. Waliomeza mafuta ya samaki hawakupata nafuu kuwashinda waliopewa mafuta ya zeituni. Dagaa nakula kama chakula.

Nafuu ilikuja taratibu, wiki ya tano au ya sita. Siku fulani saa kumi jioni nikatambua kwamba 6 bado ina mdomo wazi. Sijapona. Wiki nikizembea kitambaa, ukungu unarudi.

## Wanja

Hili daktari alilisema mwisho, akiwa ameshafunga faili.

"Na wanja, mama. Ule wa ndani ya kope."

Nimepaka wanja tangu nikiwa mwari. Nauweka ndani, juu ya ule ukingo mlaini, kama nilivyofundishwa na mama yangu na yeye na mama yake. Ndipo midomo ya zile tezi ilipo. Miaka thelathini nimekuwa naiziba kila asubuhi, na unga wake unaelea kwenye machozi. Isitoshe kinachouzwa sokoni kwa jina la wanja wa manga mara nyingi kina madini ya risasi, na hicho ni sumu, zaidi kwa watoto wachanga tunaowapaka siku ya arobaini.

Nililia nyumbani, machozi ya kweli. Naweza kueleza habari za tezi kwa utulivu, lakini siku niliyotoka kwenda kazini bila wanja nilijiona nimeacha uso wangu mezani.

## Upindo wa kanga

Wiki zote hizo kulikuwa na picha moja haitoki kichwani. Mama yangu, barazani Tanga, anajifuta macho kwa upindo wa kanga. Miaka kumi sasa. Tunamwambia ni uzee, na yeye anasema ni uzee. Kila kanga yake ina kona moja iliyopauka.

Desemba nilichukua likizo nikampeleka hospitali. Alihesabiwa kama nilivyohesabiwa mimi. Kwake hesabu haikufika tatu. Na mtoto wa jicho alikuwepo pia, macho yote mawili, la kulia limekomaa. Nilitegemea watuandikie siku ya upasuaji. Daktari akasema tungoje kidogo. Lenzi atakayowekewa ndani ya jicho huchaguliwa kwa kupima mviringo wa konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, na konea iliyokauka hutoa kipimo cha uongo. Kwanza machozi, kisha kipimo, kisha kisu. Turudi baada ya wiki nne.

Nikawaza namba zangu tatu. Miwani ikikosewa unaivua.

Wanja tumegombana. "Wanja ni sunna," aliniambia, "na mimi nilipakwa siku ya arusi yangu. Leo uje uniambie ndio unaniua macho?" Sikumjibu mara ile. Jioni nikamwomba tu aupake nje, juu ya ngozi, na usiwe ule wa manga. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema atafikiri.

Usiku tulikaa barazani. Tanga kuna joto, hata maji ya chupa ya chai yanachelewa kupoa. Nikakamua kitambaa, nikamwekea machoni, akalaza kichwa kwenye mto.

"Nisomee," akasema.

Nikafungua msahafu, nikaanza Suratul-Muuminun tangu mwanzo. Kila aya ilipoishia nilifumba macho, nikahesabu mbili, nikafumbua. Nukta zilikuwa mahali pake.

"Mwanangu," akasema mama kutoka chini ya kitambaa. "Kimepoa."